Yule Aliyekimbia Magofuni Gede Si Panya Buku

Wageni wakiingia magofu ya Gede, kusini mwa Malindi, macho yao huwa juu kwa kima. Ghafla majani makavu yanachakarika chini, kitu chenye makalio ya manjano kinarukaruka na kutokomea kichakani. Mmoja anapiga ukelele, "Panya buku!" Mwingine anaapa kaona mtoto wa paa. Wa tatu keshafika kwenye gari, yeye kaona nyoka. Hapo watu hucheka mpaka machozi, na wana haki ya kucheka.

Aliyepita ni sange.

"Ni panya tu, ila kashiba." Hapana. Panya ana meno marefu ya mbele ya kuguguna. Sange ana pua ndefu inayopinda huku na huku, na kwayo hufukua majani akisaka mchwa, jongoo, buibui na minyoo. Kwa nasaba yuko karibu zaidi na ndovu, pimbi, muhanga, hata nguva wa bahari ya Lamu, kuliko panya yeyote.

"Manjano yale yanamponza." Mimi naona hapa ndipo penye ajabu yake kubwa. Chini ya manyoya yale ngozi ni nene kuliko ya mgongoni, hasa kwa dume. Mtafiti Galen Rathbun, aliyewachunguza sange papo hapo Gede miaka ya 1970, alieleza kwamba huenda rangi hiyo humvuta adui aelekeze shambulio nyuma, mahali penye kinga, badala ya kichwani. Tena sange akimwona adui hupigapiga mkia kwenye majani: nimeshakuona, usijisumbue.

"Hutembea peke yake, basi hana mwenzi." Anaye. Dume na jike hukaa eneo moja maisha yao yote, ila kila mmoja hujitafutia riziki kivyake.

"Lile ni rundo la majani tu." Huenda ni kitanda chake. Hutengeneza vitanda kadhaa na kulala huku na kule, adui asipate kumzoea. Basi usilipige teke.

Kuchanganya wanyama hakukuanza leo. Mwaka 1415 twiga kutoka Malindi alifikishwa China kama zawadi, na huko akapokewa kama qilin, mnyama wa hekaya aletaye baraka. Sange hajabahatika hivyo. Anaitwa panya, na panya hana wa kumtetea, ilhali yumo hatarini kutoweka. Makao yake makuu ni msitu wa Arabuko-Sokoke, kilomita za mraba zipatazo 420, ambako miti hukatwa na mitego ya kamba hutegwa.

Anayetaka kumwona aende asubuhi, aache gumzo, asikilize chini. Na akiona tanzi limefungwa kwenye kijiti, amwonyeshe askari wa msitu siku hiyo hiyo.