Kumtimua kocha si dawa: somo la Nebraska

Mashabiki wa mpira wa Kimarekani wa vyuo vikuu wameamini kwa miaka mingi kwamba ukimtimua kocha, timu inapanda. Rekodi ya timu ya Chuo Kikuu cha Nebraska inakataa. Mwaka 2003 kocha wake, Frank Solich, aliachishwa kazi akiwa na ushindi 9 na vipigo 3. Bill Callahan akarithi kikosi kilichosajiliwa kukimbia na mpira, akataka kicheze kwa kurusha pasi. Msimu wa 2004 uliisha kwa ushindi 5 na vipigo 6, msimu wa kwanza wenye vipigo vingi kuliko ushindi tangu 1961.

Hapo ndipo kiini kilipo. Wachezaji hawaondoki na kocha wote kwa mkupuo. Wanaobaki walichaguliwa kwa uzito, kasi na mikono iliyofaa mfumo wa zamani, na kujaza upya nafasi 85 za wachezaji wenye ufadhili wa masomo kulihitaji misimu kadhaa ya usajili. Uhamisho wa wachezaji kati ya vyuo siku hizi umefupisha kazi hiyo, haujaifuta.

Bo Pelini, aliyemfuata Callahan, alishinda mechi 9 au 10 kila msimu kwa miaka saba, akatimuliwa 2014. Mrithi wake, Mike Riley, aliondoka na ushindi 19, vipigo 19.

Kabla ya kudai kichwa cha mtu, angalia tofauti ya pointi. Chini ya Scott Frost, kocha aliyemfuata Riley, mwaka 2021 Nebraska ilipoteza mechi 9, hakuna iliyopotea kwa zaidi ya pointi 9. Kisha soma mkataba: Frost alifukuzwa tarehe 11 Septemba 2022, ilhali fidia yake ya takriban dola milioni 15 ingepungua kwa nusu tarehe 1 Oktoba.