Mwarobaini ndani ya meno bandia: maana yake ni nini?

Nyanya yangu wa Nyalenda, Kisumu, alipoyatoa meno yake bandia ya juu mbele yangu, kaakaa lilikuwa jekundu, na wekundu ulikoma pale pale ukingo wa bamba linaloshikilia meno hayo ulipokuwa umefika, kama umechorwa kwa kalamu. Hakuhisi maumivu yoyote. Ndiyo maana alikaa nao miezi mizima bila kumwambia mtu.

Mara nyingi anayesababisha hali hiyo ni fangasi aitwaye Candida albicans, yule yule anayeleta utando mweupe vinywani mwa watoto wachanga. Bamba la meno bandia hutengenezwa kwa plastiki ya akriliki, nayo ina vitundu visivyoonekana kwa macho. Tena ule upande unaogusa kaakaa haung'arishwi, maana lazima ufuate umbo la kinywa. Fangasi hujishika hapo na kutanda, mahali ambapo mate hayapiti vizuri. Ukitibu kaakaa peke yake huku bamba limebaki na fangasi, ugonjwa hurudi.

Basi watafiti wakawaza: kwa nini dawa isikae ndani ya bamba lenyewe? Unga au mafuta ya mmea huchanganywa na unga wa akriliki kabla haujagandishwa, au na ule utandiko laini unaowekwa chini ya bamba ili ufizi upumzike. Wamejaribu mwarobaini, hina, mafuta ya mdalasini na mingineyo. Hili si sawa na kutafuna kijiti cha mwarobaini asubuhi. Maji ya kijiti humezwa yakaisha. Dawa ya ndani ya bamba inakusudiwa itoke kidogo kidogo, siku baada ya siku.

Ugumu uko kwenye kipimo. Ukizidisha unga wa majani, bamba hupungua nguvu na huvunjika upesi likianguka kwenye sinki. Hina hubadilisha rangi ya bamba. Karafuu ndiyo inayonishangaza zaidi: yujenoli, kemikali iliyomo ndani yake ambayo madaktari wa meno huitumia kutuliza jino, huzuia akriliki isigande sawasawa. Kwa hiyo majaribio mengi bado yako maabara.

Nyanya aliniuliza kama aloweke meno yake kwenye maji ya mwarobaini ulioko uani. Nikamwambia hapana, nyanya, kuloweka si sawa na dawa iliyochanganywa ndani ya plastiki. Tulimpeleka kwa daktari wa meno, na sasa kila usiku anayatoa, anayasugua kwa brashi laini na sabuni, kisha anayaweka kwenye bakuli la maji baridi. Yakichemshwa, hupinda.