Vipimo vya uvimbe wa kasinoidi: dhana potofu na ukweli

Dhana: 5-HIAA ikiwa juu kwenye mkojo, tayari ni kasinoidi.

Hapa ndipo watu hupewa hofu bure. Kasinoidi ni uvimbe wa seli zinazotengeneza homoni, mara nyingi kwenye utumbo. 5-HIAA ni mabaki ya serotonini, mojawapo ya homoni hizo, na serotonini imo pia kwenye chakula. Ndizi, matoke, nanasi, parachichi, nyanya na biringanya vinaweza kupandisha kipimo cha mtu asiye na uvimbe wowote. Viache siku 3 kabla, na siku yote ya kukusanya mkojo. Paracetamol na dawa za kikohozi zenye guaifenesin nazo hupotosha jibu, kwa hiyo mtajie daktari kila unachomeza.

Mkojo hukusanywa kwa saa 24. Ukiamka saa 12 asubuhi, mkojo wa kwanza mwaga chooni na uandike saa. Kuanzia hapo wote unaingia kwenye chombo cha maabara, hadi ule wa saa 12 asubuhi ya kesho yake. Chombo hicho mara nyingi kina asidi: usiimwage, wala usikojoe humo moja kwa moja. Kinga kwa kopo safi, kisha mimina. Kitunze kwenye baridi, mbali na mwanga. Ukisahau hata mara moja, anza upya, maana mkojo pungufu hushusha jibu na mgonjwa akaambiwa ni mzima.

Dhana: Kromogranini A ya damu inatosha.

Haitoshi. Ni protini inayotolewa na uvimbe huu, lakini omeprazole, dawa ya kupunguza asidi tumboni, huipandisha, na figo zilizochoka vilevile. Daktari akiruhusu, omeprazole huachwa wiki 2 kabla ya kutoa damu.

Dhana: Bila kuharisha na uso kuwaka moto, hakuna kasinoidi.

Ini huvunja homoni zinazotoka kwenye utumbo, hivyo dalili hizo mara nyingi huja uvimbe ukishafika kwenye ini lenyewe. Na kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani kirahisi. Mgonjwa aulizwe kama anahisi joto la ghafla usoni na shingoni. Kasinoidi nyingi za kidole tumbo hugunduliwa kwa bahati, kidole kikishakatwa kwa sababu nyingine.

Dhana: Kamera ikiwa safi, tumbo ni salama.

Kamera ya mdomoni huishia mwanzo wa utumbo mwembamba. Ya njia ya haja kubwa hukagua utumbo mpana na kipande kidogo tu cha mwisho wa utumbo mwembamba. Katikati hubaki mita kadhaa zisizoonekana. Huko hutafutwa kwa picha za CT, au kwa PET ya galiamu-68, picha ya dawa yenye mionzi inayonasa vipokezi vya homoni ya somatostatini vilivyojaa kwenye uvimbe huu.

Neno la mwisho ni la kinyama kilichokatwa kwenye uvimbe na kupimwa kwa darubini. Ki-67, yaani asilimia ya seli za uvimbe zinazogawanyika, ikiwa chini ya 3% ni daraja la 1, 3 hadi 20% la 2. Zaidi ya hapo, la 3. Jibu lisipotaja Ki-67, mwombe daktari aiulizie maabara kabla ya kupanga matibabu.