Vivutio vya Pemba: Yanayosemwa na Yalivyo

Mgeni anayefikia katika hoteli za ufukweni upande wa Ras Kigomasha mara nyingi huambiwa, wakati mwingine na sisi wenyeji, kwamba Pemba haina cha kutazama isipokuwa bahari na mikarafuu. Kauli hiyo hutokana na mazoea ya kukipima kisiwa hiki kwa pishi ya Unguja: kwa kuwa hakuna Mji Mkongwe, basi huonekana hakuna historia, na kwa kuwa hakuna Jozani, basi huonekana hakuna msitu.

Dhana ya kwanza ni kuiona Pemba kuwa Unguja ndogo iliyosogea kaskazini. Mkondo unaoitenga Unguja na bara ni wa kina kifupi, na zama za barafu, maji ya bahari yaliposhuka, Unguja iliungana na bara. Pemba imetengwa na mkondo wenye kina cha mamia ya mita, nayo ilijitenga miaka mamilioni iliyopita. Ndiyo maana kuna viumbe wasiopatikana popote pengine duniani, wakiwemo aina nne za ndege, mmoja wao bundi mdogo wa usiku, pamoja na popo wa Pemba. Kwa upande mwingine, kima punju wa msitu wa Ngezi, ambao watembezaji wengine huwasifia kuwa wa asili ya hapa, waliletwa kutoka Unguja katika miaka ya 1970.

Popo huyo amesingiziwa mengi. Husemwa kwamba hanyonyi ila damu, kwamba haoni, na kwamba ni mharibifu asiye na faida. Ukweli ni kwamba hula matunda, maua na majani, ana macho makubwa anayoyategemea kutafuta chakula, na mabawa yake yakikunjuliwa huweza kupita mita moja na nusu. Kwa kutawanya mbegu na kuchavusha maua, huotesha miti ambayo hakuna aliyeipanda. Mwishoni mwa miaka ya 1980 alikuwa karibu kutoweka, kwa sababu ya kuwindwa kwa ajili ya kitoweo na kukatwa kwa misitu. Wanavijiji walipoanza kuyalinda makazi yake, idadi ilipanda hadi maelfu mengi. Kidike, baina ya Chake Chake na Wete, popo hao huonekana mchana wakiwa wamening'inia mitini, nao wanakijiji ndio wanaowapokea wageni.

Wengine hudhani kijani chote cha Pemba ni cha asili. Mikarafuu asili yake ni visiwa vya Maluku, Indonesia, na ilifika Zanzibar mwanzoni mwa karne ya 19. Kimbunga cha 1872 kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja na kuiacha ya Pemba kwa kiasi kikubwa, na tangu hapo Pemba ikashika uongozi wa zao hilo. Anayetaka kuona sura ya kisiwa kabla ya mashamba hayo aende msitu wa Ngezi, karibu na Konde, ambako bado huota mpapindi, aina ya mnazi-mwitu isiyopatikana kwingine.

Dhana iliyozoeleka zaidi, na kwa maoni yangu yenye madhara zaidi, ni kwamba magofu yetu ni kazi ya Wareno. Boma la Pujini, kusini-mashariki ya Chake Chake, ni la karne ya 15, ilhali Vasco da Gama, baharia Mreno, alifika pwani hii mwishoni kabisa mwa karne hiyo, mwaka 1498. Simulizi hulihusisha na Mkama Ndume, mtawala anayesemwa kuwa aliwalazimisha watu kubeba mawe huku wakijikokota kwa makalio, na kukitia kiambaza kisima ili wakeze wawili wasionane. Hizo ni hadithi. Lakini handaki lililoelekezwa baharini si hadithi, wala chumba cha chini ya ardhi kilichochorwa siwa, yaani baragumu kubwa la heshima, kwa chokaa ukutani, na siwa ni alama ya utawala wa Waswahili wenyewe. Huko Tumbe na Chwaka wachimbuaji wamekuta mfululizo ulio wazi: Tumbe, kijiji cha nyumba za udongo na miti cha karne ya 7 hadi ya 10, kisha Chwaka, mji uliodumu hadi karne ya 16 na kujenga misikiti ya mawe.

Kuhusu magofu ya Ras Mkumbuu, hapana budi kusahihisha kwa upande wa pili. Wataalamu wengi huiona kuwa ndiyo Kanbalu, mji wa kale aliouzuru msafiri Mwarabu al-Masudi mwaka 916, lakini msikiti na makaburi ya nguzo yanayosimama leo ni ya karne za baadaye, kwa hiyo anayemwambia mgeni kwamba al-Masudi alisali ndani ya kuta hizo anazidisha. Njia nyepesi ya kufika ni kwa boti, na safari hiyo huweza kuunganishwa na kisiwa cha Misali, ambacho wavuvi hukiheshimu kwa simulizi ya Nabii Khidhri, aliyekosa msala wa kusalia akakifanya kisiwa chenyewe kuwa msala wake.