Ulaya hugongewi muhuri kila nchi

Watu wengi bado wanaamini ukizunguka Ulaya lazima ugongewe muhuri kila nchi, kwa hiyo mtu katoka Paris kwa treni, kashuka Brussels, kaenda Amsterdam, akiona pasipoti haijaguswa anaingiwa na hofu eti kaingia kimagendo. Hapana jamani, tulia. Nchi 29 za Schengen, yaani zilizokubaliana kuondoa ukaguzi wa mipaka kati yao, ni kama eneo moja, muhuri ni wa kuingia mwanzo na kutoka mwisho basi. Ukiingia Ujerumani ukitokea nchi nyingine ya Schengen polisi wanaweza kukagua, lakini hawagongi. Ila siku 90 unazoruhusiwa kukaa ndani ya kila siku 180 zinahesabiwa kwa eneo zima, hazianzi upya kila nchi, na hapo ndo wengi wanaumia. Na tangu Oktoba 2025 mihuri yenyewe inaondolewa, wanachukua picha na alama za vidole.