"Si unafuta tu unaandika?" Hapana, hatufuti

Wiki hii huyu ni mteja wa tatu. Ujumbe uleule, "dada nimekosea herufi moja tu kwenye jina la tiketi, nirekebishie fasta basi, si unafuta unaandika?" Nikimwambia ngoja niulize shirika la ndege kwanza, ananijibu eti nyie mnatafuta hela tu. Jamani. Mi nakata tiketi miaka mingi sasa na hicho kitufe cha kufuta jina sijawahi kukiona, kingekuwepo ningebonyeza kitambo nikalale.

Tuelewane. Bukingi si tiketi. Bukingi ni ile PNR yako ya herufi na namba sita, yaani nafasi uliyoshikiwa kwenye ndege. Tiketi ni kitu kingine kabisa, ina namba ya tarakimu 13, tatu za mwanzo zinaonyesha shirika (071 ni Ethiopian, 176 Emirates, 157 Qatar), ndo inayoonyesha umelipa, na ndani yake kuna kuponi kwa kila ndege utakayopanda. Jina lako liko kote kuwili. Kwa hiyo hata nikifanikiwa kulirekebisha kwenye PNR, tiketi bado imekaa na jina la zamani, haina habari. Na tiketi ikishatoka hatuingii ndani kuchezea jina, ama tunaivoidi (tunaibatilisha yote) siku ileile kabla haijaisha tunakata nyingine, ama siku ikishapita inabidi itolewe upya kwa ruhusa ya shirika, na ruhusa ndo hiyo ninayoisubiri wewe ukinitumia alama za kuuliza.

Hapa ndo naomba mnisikilize maana ndipo watu wanapoumia. Abiria mmoja alinipigia akiwa tayari uwanjani, tiketi hakukata kwangu, aliyemkatia alirekebisha PNR akamtumia itinerari (ile karatasi ya ratiba ya safari) safi, jina limenyooka herufi zote, mtu kapanga begi kalala usingizi. Kaunta wanamwambia hatuoni tiketi yako. Ilikuwepo, ila kwa jina la zamani, na sistimu ikashindwa kuioanisha na bukingi yenye jina jipya. Yaani hapo angeachwa na kosa lake la awali pengine angepita! Kwa hiyo ukirekebishiwa jina usifurahie itinerari, mtu anaweza kukutumia itinerari kumi. Uliza namba ya tiketi, na uliza jina lililoko kwenye tiketi hiyo ni lipi.

Halafu kuna wale wa "nimesharekebisha mwenyewe kwenye tovuti." Ulichojaza pale ni taarifa za pasipoti kwa ajili ya mamlaka za nchi unayokwenda. Tiketi haijaguswa.

Ukali wa mashirika una sababu. Tiketi haihamishiki, ingekuwa inahamishika watu wangenunua za bei ya chini mapema wakaja kuwauzia wengine bei ikipanda. Ndo maana kusahihisha na kubadilisha ni vitu viwili: FATMA kuwa FATUMA ni mtu yuleyule, FATMA kuwa HASSAN hapo unataka kumpa mtu siti yako. Wapo wanaouza hata hilo, Ryanair na easyJet unaweza kubadili jina zima kwa kulipia, lakini usiende kwa shirika lingine ukaanza kuwatolea mfano wa hao.

Kinachokula siku yangu nzima ni safari ya mashirika mawili. Umenunua kwa moja, kipande cha pili unapanda ndege ya mwingine. Yule wa pili ana nakala yake ya bukingi kwenye sistimu yake, na mi nikigusa jina huku, kule halifiki, au sistimu inanikatalia palepale. Mara nyingi njia inayobaki ni kufungua bukingi mpya yenye jina sahihi halafu tiketi ihamishiwe kule, sasa daraja la bei ulilonunua miezi miwili nyuma limeshaisha, limebaki la juu yake, na kuomba wakufungulie lile la zamani ni barua pepe, simu, kungoja, simu tena. Na we uko kwenye WhatsApp unaniambia ni herufi moja.

Mengine haraka haraka. MRS kugandana na jina, ikasomeka FATUMAMRS, si kosa, sistimu ndo inavyoandika. Kistari na ile alama ya juu kama iliyo kwenye neno ng'ombe zinaondolewa, usiogope. Jina la kati kukosekana mara nyingi linapita, ila safari za Marekani wanataka jina kamili kama lilivyo kwenye pasipoti. Na hukohuko Marekani, ukinunua kwa shirika lenyewe siku 7 au zaidi kabla ya safari, lazima wakupe ama saa 24 za kughairi tiketi bila faini ama kukushikia bei kwa muda huo bila kulipa, hizo saa ndo za kulisoma jina lako vizuri. Jina la ukoo na la kwanza yakigeuzana shirika nyingi wanaelewa lakini niambie mapema. Na usibishane na mi lipi ni la ukoo, angalia mistari miwili ya chini ya pasipoti, yale majina yaliyo kabla ya alama mbili za << ndo ukoo, hata kama nyumbani mnaitana vingine.

Sasa swali mnalolitaka: herufi moja, nitapanda au sitapanda? Ukweli wangu ni kwamba nimeona wakipita na mbili, na nimeona mmoja akirudishwa kwa moja. Mashirika mengi kipimo chao ni kama herufi tatu, ila kilichoandikwa ni kimoja na aliyekaa kaunta asubuhi hiyo ni mwingine. Kama ni ndege ya moja kwa moja na herufi imejirudia tu, huwa naomba shirika waweke maelezo kwenye bukingi na namwambia mteja aende, na siku hiyo simu siizimi. Safari ikiwa ya viza sithubutu.

Na tafadhali nitumie picha ya ukurasa wa pasipoti. Jina la kuniandikia kwa kumbukumbu ndo limetufikisha hapa.