Kinundu Chini ya Sikio Kisichouma: Maswali na Majibu

Daktari, nina kinundu chini ya sikio, huu mwaka wa nne. Hakiumi. Ni matubwitubwi?

Haielekei. Matubwitubwi huja na homa na maumivu, kisha hupoa ndani ya siku chache. Kinundu cha miaka minne mahali hapo mara nyingi ni uvimbe wa parotidi, ile tezi kubwa ya mate iliyo mbele na chini ya sikio. Unaoongoza kwa kutokea huitwa adenoma ya pleomofiki, nao si saratani. Ukiubonyeza ni mgumu kiasi kama mpira, unachezacheza chini ya kidole, na ngozi ya juu haijashikana nao. Ukizidi kukua, ndewe ya sikio huinuka. Huwapata zaidi watu wa miaka 30 hadi 60, wanawake wakiwazidi wanaume kidogo.

Pleomofiki ndiyo nini?

Ni kusema una maumbo mengi. Ukikatwa maabara, ndani huonekana weupe wa kijivu unaong'aa. Huku pagumu kama gegedu, kule pana utelezi wa bamia. Hadubini huonyesha seli za mirija ya mate zikiwa zimechanganyika na seli za myoepitheli, ambazo kazi yake ya kawaida ni kuibana tezi itoe mate. Hizi za pili ndizo zinazotengeneza ule ute na gegedu.

Si mpasue kidogo tu, mkitoe kama kokwa ya embe?

Zamani ilifanyika hivyo, na uvimbe ukawa unarudi. Gamba lake ni jembamba, pengine halipo kabisa, na vijidole vya uvimbe hupenya nje yake. Ukikichomoa, vijidole vinabaki. Miaka ikipita huoti tena kinundu kimoja, unaota vingi kama kunde zilizomwagika. Ndiyo maana hatuchani kuchukua kipande cha kupima. Tunanyonya seli kwa sindano nyembamba, tunapiga picha za ndani kwa ultrasaundi au MRI (mashine ya sumaku), kisha tunauondoa pamoja na nyama ya tezi inayouzunguka.

Kazi ngumu ni neva ya uso, ile inayokufumbisha jicho na kukuchekesha mdomo. Inapita katikati ya tezi hiyohiyo, hivyo daktari huitafuta kwanza. Baada ya upasuaji ndewe inaweza kuwa na ganzi, na uso kulegea kwa muda. Wapo pia wanaotokwa jasho shavuni kila wanapokula: neva za mate zimeota upya zikaingia kwenye tezi za jasho. Inashangaza, lakini haina hatari.

Kama si saratani na hauumi, nikiuacha?

Wengi huuacha, wakaufunika kwa mtandio au ndevu. Lakini uwezekano wa kugeuka saratani, ambao ni kama 1.5% katika miaka 5 ya mwanzo, hukaribia 10% ukishapita miaka 15. Ukianza kukua ghafla, kuuma, au kugandamana na ngozi, nenda hospitali wiki hiyohiyo. Na uso ukipinda upande huo, usisingizie upepo mbaya: adenoma, hata iwe kubwa, kwa kawaida haipoozeshi uso, hivyo huenda ni saratani.

Wangu uko kinywani, kwenye kaakaa. Ni huohuo?

Yawezekana, maana kaakaa nalo lina vitezi vya mate. Ila huko karibu nusu ya uvimbe wa vitezi hivyo huwa saratani, kwa hiyo wewe usingoje miaka minne. Hata daktari wa meno anaweza kuuangalia kwanza.